Tundu namba saba: kisa cha mashine pepe iliyogoma kuonekana ofisini

Kompyuta iliyobeba stoo nzima ilikaa chini ya meza ya kaunta, feni yake ikikoroma na diski yake ikigonga kila ilipofungua faili kubwa. Duka ni la vipuri vya magari, Kariakoo, jumla na rejareja: kaunta tano chini, ofisi juu, stoo kwa nyuma. Programu ya stoo ilinunuliwa 2011 na kuwekwa kwenye Windows 7. Aliyeiuza hapatikani tena, na CD ya kuisakinisha hakuna anayejua iko wapi. Bidhaa zaidi ya 11,000, kuanzia brekipedi hadi beringi za magurudumu, zilikuwa kwenye hifadhidata moja ya MySQL ndani ya mashine hiyo moja.

Mwenye duka aliniita, nikamwamkia, akaitikia huku akinionyesha kwa kidole chini ya meza. "Mwanangu, siku hii ikifa na mimi nimefunga duka."

Kuhamisha programu peke yake haikuwezekana. Nikaamua kuhamisha kompyuta nzima ilivyo: kuinakili diski yake na kuiwasha kama mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na programu ya VirtualBox, ndani ya kompyuta mpya yenye Windows 10. Kunakili kulikuwa kazi nyepesi. Disk2vhd ya Sysinternals inachukua diski ya Windows iliyo hai na kuifanya faili moja. Nilichokumbuka ni kuondoa tiki kwenye chaguo la VHDX, toleo jipya la faili hilo la VHD, maana VirtualBox inaweza kuandika kwenye faili la VHD, lakini la VHDX inalisoma tu. Windows yenyewe ilinunuliwa kwenye boksi, haikuja na mashine, kwa hiyo leseni iliweza kuhama. Jumamosi jioni mashine pepe ikawaka, programu ya stoo ikafunguka, bidhaa zote zipo. Dada wa stoo alishika mdomo kwa furaha.

Mimi sikufurahi bado. Programu kufunguka kwenye kioo cha mashine yake yenyewe hakumsaidii mtu wa kaunta. Kaunta zote tano zimeandikiwa anwani moja tu ya kuitafuta hifadhidata: 192.168.1.10. Zinaigonga poti (mlango wa mawasiliano) 3306 kwa ajili ya data, na folda ya picha za vipuri kwenye anwani hiyo hiyo, ambayo hupita poti 445. Kama mashine pepe haionekani kwenye mtandao wa ofisi kwa anwani hiyo, hakuna kilichohama.

Nikaanza kwa kuangalia imepata anwani gani. Ilikuwa 10.0.2.15. Yeyote aliyewahi kutumia VirtualBox anaijua namba hii. Ndiyo inayotolewa mashine pepe ikiachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida, yaani NAT. Kijana wa mauzo, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema mtandao uko sawa kwa sababu intaneti inafunguka. Akaongeza ushahidi: akatuma ukurasa wa majaribio kutoka ndani ya mashine pepe kwenda printa ya ofisi, 192.168.1.20, ukatoka. "Si unaona, kaka? Inaiona printa."

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na simlaumu. Ndani ya NAT, mgeni (mashine pepe) anaongea kwa mdomo wa mwenyeji (kompyuta mpya iliyoibeba). Pakiti (kipande cha data) ya kwenda kwenye printa inatoka kwa mgeni, VirtualBox inaivua anwani ya 10.0.2.15 na kuivalisha anwani ya kompyuta mpya, 192.168.1.35. Printa inamjibu mwenyeji, VirtualBox inakumbuka nani aliuliza, inampelekea jibu. Kwa printa, hakuna kompyuta nyingine zaidi ya ile mpya. Mgeni anaona nje, ila hakuna wa nje anayemwona, kwa sababu kwenye waya wa ofisi hajawahi kufika.

Nilikwenda kaunta ya kwanza, ambayo anwani yake ni 192.168.1.21, nikaandika ping 192.168.1.10, amri ya kuuliza kama anwani hiyo inaitika. Jibu likaja hivi:

Reply from 192.168.1.21: Destination host unreachable.

Wengi husoma maneno ya mwisho tu. Mimi husoma kwanza jibu limetoka kwa nani. Limetoka kwa 192.168.1.21, yaani kaunta inajijibu yenyewe. Maana yake imepiga kelele ofisi nzima kwa ARP (wito wa kumtafuta mwenye anwani), "nani mwenye .10?", na hakuna aliyeitikia. Tatizo halijafika kwenye fayawoli (kizuizi cha usalama cha Windows), halijafika kwenye MySQL. Bado tuko kwenye kuitana majina.

Kijana alipendekeza tuelekeze poti: kila anayegonga 3306 kwenye mwenyeji apelekwe kwa mgeni. Kwa hifadhidata peke yake ingekubali, tena mara nyingi ni suluhisho zuri. Lakini poti 445 ya mwenyeji inatumiwa tayari na Windows 10 yenyewe kwa mafaili yake, huwezi kumpa mgeni poti ambayo mwenyeji ameishika. Picha za vipuri zingebaki nje. Na picha hizo si pambo: mteja akija na kipuri kilichochakaa hadi namba imefutika, muuzaji analinganisha kwa macho.

Kwa hiyo mgeni alihitaji kukaa kwenye waya kwa jina lake mwenyewe. VirtualBox inaita Bridged Adapter. Mimi huita daraja. Mashine pepe inapewa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, na pakiti zake zinatoka kupitia kadi ya mtandao ya mwenyeji bila kuvuliwa chochote. Swichi, kifaa kinachounganisha kebo zote za ofisi, inaona kompyuta mbili zimekaa kwenye kebo moja.

Nikabadilisha kuwa daraja, nikaenda kuandika anwani ya kudumu 192.168.1.10 ndani ya Windows 7. Ikanikatalia kwa onyo kwamba anwani hiyo tayari ni ya kadi nyingine ambayo haipo kwenye kompyuta. Hili ni jambo la kila mashine iliyohamishwa kwa kunakiliwa. Kadi ya mtandao ya kompyuta ya zamani haikuja na diski, lakini kumbukumbu yake ndani ya Windows ilikuja, na bado imeshika anwani yake. Dawa yake ni kufungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika:

set devmgr_show_nonpresent_devices=1
start devmgmt.msc

kisha kuruhusu vifaa vilivyofichwa vionekane. Kadi ya zamani ilikuwepo, imefifia rangi. Nikaiondoa, anwani ikakubali.

Ping kutoka kaunta ikajibu. Kwa dakika kama kumi kila kitu kilikuwa sawa, halafu programu ya kaunta ya tatu ikakatika katikati ya ankara. Ikarudi. Ikakatika kaunta ya kwanza. Nikaandika arp -a kwenye kaunta, amri inayoorodhesha kila anwani na MAC yake, na hapo nikaona kosa langu. Mstari wa .10 na mstari wa .35 vilikuwa na MAC moja. Nilitegemea .10 ianze na 08-00-27, ambazo ndizo tarakimu za mwanzo za MAC za VirtualBox. Haikuwa hivyo, kwa sababu nilipochagua daraja nilikubali kadi ya kwanza kwenye orodha bila kuangalia, na hiyo ilikuwa ya Wi-Fi.

Daraja juu ya Wi-Fi si daraja kamili. Fremu (kifurushi cha data) ya kawaida inayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kituo cha Wi-Fi ina nafasi ya anwani tatu: ya kituo, ya anayerusha, na ya anakokwenda. Hakuna nafasi ya kusema "mrushaji ni mimi, ila mwenye ujumbe ni mwingine aliye ndani yangu". Kituo nacho hupokea kutoka kwa waliojiandikisha kwake tu, na mashine pepe haijajiandikisha. VirtualBox inalikwepa hilo kwa kuziandika pakiti za mgeni kwa MAC ya mwenyeji, na kuzigawa upya zikirudi kwa kuangalia IP. Kwa mtu anayejaribu vitu nyumbani inatosha. Kwa hifadhidata ambayo kaunta tano zinaifungua siku nzima, kwenye jengo ambalo kompyuta inaruka kati ya kituo cha chini na cha juu, sitaipendekeza kwa mtu yeyote. Seva ni ya kebo.

Nikachomeka kebo kwenye tundu la ukutani lililokuwa wazi. Mwenyeji akapata mtandao wa waya mara moja. Nikahamishia daraja kwenye kadi ya waya, safari hii nikiisoma jina lake mara mbili, nikamwasha mgeni.

Mtandao wote wa kompyuta ile ukafa, wa mgeni na wa mwenyeji pia. Taa ya kijani kwenye tundu la kebo ikazimika.

Nilichomoa, nikachomeka. Kimya. Nikabadilisha kebo. Kimya. Dada wa stoo akauliza kama kompyuta mpya ni mbovu, na kwa kweli ndivyo ilivyoonekana. Lakini kulikuwa na jambo moja lililonizuia kulaumu kadi: mwenyeji alikuwa sawa kabisa hadi sekunde ambayo mgeni alianza kuongea. Kifaa kibovu hakichagui sekunde namna hiyo.

Kabati la mtandao liko kwenye ngazi, juu ya mlango wa choo. Swichi ni Cisco Catalyst 2960. Taa zote kijani, isipokuwa tundu namba 7, rangi ya machungwa. Nikaunganisha kebo ya konsoli, lakini nywila ilikuwa kwa mkandarasi aliyefunga mtandao huo. Kuna njia ya kuingia bila nywila ukiwa umesimama mbele ya swichi, naijua, sikuitumia. Swichi si yangu. Mzee, mwenye duka, alimpigia mkandarasi mwenyewe, akamweleza, na baada ya nusu saa nywila ikasomwa kwenye simu. Kwenye kumbukumbu za swichi mstari ulikuwa huu:

%PM-4-ERR_DISABLE: psecure-violation error detected on Gi0/7, putting Gi0/7 in err-disable state

Swichi haikukosea. Ilifanya alichoagiza mkandarasi. Matundu ya ukutani yalikuwa yamewekewa ulinzi wa poti, na kwenye Cisco ukiuwasha bila kuongeza neno, kiwango ni MAC moja kwa tundu, na adhabu ya kuzidisha ni tundu kufungwa. MAC ya kwanza ilikuwa ya mwenyeji. Mgeni alipotoa pakiti yake ya kwanza, yenye 08:00:27, swichi ikahesabu kompyuta ya pili kwenye tundu la mmoja, ikafunga. Ndiyo maana kubadilisha kebo hakukusaidia: tundu lililofungwa hivyo halijifungui kwa kuchomoa na kuchomeka.

Kijana wa mauzo alitaka tuondoe ulinzi kabisa. Nilimwelewa, usiku ulikuwa unaingia na njaa inauma. Lakini ulinzi ule ndio unaomzuia mtu kuleta ruta ya bei rahisi kutoka nyumbani, kuichomeka ukutani ili apate Wi-Fi yake, na ruta hiyo ikaanza kugawa anwani zake kwa ofisi nzima. Nimewahi kutafuta ruta ya namna hiyo kwa siku mbili, ilikuwa nyuma ya friji. Tukaongeza nafasi moja tu, kwenye tundu moja tu:

interface Gi0/7
 switchport port-security maximum 2
 shutdown
 no shutdown

kisha nikaziandika MAC zote mbili kwenye usanidi kwa majina yake, tundu lisije likampokea wa tatu. Tangu siku hiyo, nikinakili mashine pepe ile kwa ajili ya akiba, naizuia VirtualBox isiipe MAC mpya. Nakala yenye MAC mpya ikiwashwa pale, tundu linafungwa tena.

Kijani ikarudi. Nikaenda kaunta, ping. Safari hii:

Request timed out.

Kijana akaguna, "Bado." Mimi niliona tumefika mbali. Unreachable ya mwanzo ilisema hakuna aliyeitikia jina. Hii ya sasa inasema jina limeitikiwa, pakiti imekwenda, ila hakuna aliyerudisha jibu. Nikathibitisha kwa arp -a: .10 ilikuwa pale, na MAC yake imeanza na 08-00-27. Mgeni yuko kwenye waya kwa jina lake. Kilichobaki kiko ndani ya nyumba yake.

Na kilichobaki nilikuwa nimekileta mwenyewe kwa makusudi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mashine isiyopata viraka vya usalama sitaki iguse intaneti, kwa hiyo tundu lilipofunguka nilifuta geti (anwani ya ruta ya kutokea kwenda intaneti) nililokuwa nimeliandika mwanzo. Bila geti inaongea na wa mtandao wake wa 192.168.1 tu, na hicho ndicho kaunta zinahitaji. Uamuzi huo bado nautetea. Lakini Windows huutambua mtandao kwa kuangalia geti lake. Isipoliona, huuita mtandao usiotambulika, huuweka kwenye kundi la mitandao ya hadharani, kama Wi-Fi ya hotelini, na fayawoli yake inafunga milango yote.

Njia ya mkato ni kuzima fayawoli. Kwa Windows 7 iliyo kwenye daraja, nje ya kivuli cha NAT, hilo lingekuwa kosa zito kuliko yote ya siku ile. Poti 445 ndiyo iliyopitisha WannaCry Mei 2017, kutoka kompyuta hadi kompyuta ndani ya ofisi, bila mtu kubofya chochote. Kwanza nikahakikisha kiraka cha Machi 2017, KB4012212, kimo. Kilikuwemo. Kisha nikafungua milango miwili, kwa wanaostahili pekee. Kaunta zina anwani za kudumu kuanzia .21 hadi .25, kwa hiyo:

netsh advfirewall firewall add rule name="Stoo data" dir=in action=allow protocol=TCP localport=3306 remoteip=192.168.1.21-192.168.1.25 profile=public

na nyingine kama hiyo kwa 445, na ya tatu ya kuruhusu ping. Kaunta zikafunguka zote tano. Tukatoa ankara ya majaribio ya beringi mbili, tukaifuta. Saa nne usiku nikaenda nyumbani.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi simu ikalia. Kila kitu kinafanya kazi, alisema dada wa stoo, ila bidhaa alizoziingiza Jumamosi usiku baada ya mimi kuondoka hazipo.

Kuna simu ambazo ukizisikia tumbo linabana. Nilimwuliza kama kompyuta ya zamani imewashwa. "Ndiyo kaka, naiwashaga kila asubuhi nikifika."

Nilikuwa nimeizima, sikuichomoa. Kebo yake ilikuwa bado kwenye tundu lake, na mle ndani bado yeye ndiye .10. Asubuhi ile ziliwashwa pamoja, na ya zamani ikatangulia, maana mgeni hawezi kuamka kabla mwenyeji hajaamka. Mashine pepe ilipouliza kama .10 ina mwenyewe, ikajibiwa ndiyo, ikajiondoa na kujipa anwani ya 169.254. Kaunta zikaenda kwa aliyeitikia. Kwa muda wa saa nzima duka liliuza kutoka kwenye hifadhidata ya zamani, na hakuna kaunta iliyoonyesha hitilafu yoyote, kwa sababu kwa upande wao hapakuwa na hitilafu.

Ankara 23. Tuliichomoa ya zamani mtandao, tukaiacha ikiwaka, na dada wa stoo akasoma moja moja kutoka kwenye kioo chake huku mimi nikiziandika kwenye ile mpya. Wateja walisubiri. Mzee alisimama pembeni muda wote, hakunigombeza, aliuliza tu kama hesabu ya jioni itakuwa sahihi. Ilikuwa sahihi, tuliihakiki mara mbili kwa kuhesabu karatasi. Kosa la kutochomoa kebo moja lilikula asubuhi nzima ya watu sita, na tangu hapo, nikihamisha seva, kebo ya zamani naikunja na kuondoka nayo mfukoni hadi wiki ipite.

Mchana tulimalizia yaliyobaki. Kwenye BIOS ya kompyuta mpya niliweka ijiwashe umeme ukirudi. Niliizuia isilale, maana mwenyeji akilala na mgeni amelala. Mashine pepe nikaipangia kuanza pamoja na Windows, bila dirisha, kwa VBoxManage startvm na chaguo la headless, ili asiwepo mtu wa kuifunga akidhani ni dirisha lililosahaulika. Kisha nikamwomba Mzee ruhusa ya kukata umeme wa duka zima kwenye swichi kubwa. Alisita, akakubali. Taa zikazima, feni zikatulia, wateja wawili wakaguna. Tukahesabu dakika moja, tukarudisha. Kompyuta mpya ikajiwasha yenyewe bila kuguswa, na baada ya dakika nne kaunta ya pili ikatoa ankara ya fanibelti.

Ukutani, juu ya tundu namba 7, nilibandika karatasi kwa gundi ya uwazi: "Seva ya stoo. Kompyuta mbili ndani ya kebo moja. Usichomoe, usichomeke kingine." Chini yake niliandika MAC zote mbili kwa kalamu isiyofutika.